Bomba la Mipira

Lilikuwa bomba la maji, la plastiki, futi nne,
fundi alilisahau walipokarabati choo.
Tukalifunga kwa waya kwenye nguzo ya kibanda,
mdomo juu, chini tumeliziba kwa gunzi la hindi.

Ukifika unadondosha mpira wako.
Tok.
Hiyo ndiyo foleni.
Hakuna aliyekuuliza kazi yako,
wala kama umepanda kilima kwa gari au kwa miguu.
Ukichomoa gunzi, mipira minne inaanguka kiganjani,
na wenye mipira hiyo ni marafiki kwa mashimo tisa,
wapende wasipende.

Ndivyo Hasmukh wa vipuri alivyojikuta
anacheza gofu na Nyanjige wa dagaa:
yeye na mkoba wa magurudumu,
Nyanjige na fimbo tatu ndani ya kiroba cha mchele.
Shimo la tano, lile lenye jabali mgongoni,
ambapo badala ya majani tumetandaza mchanga
na kuumwagia oili chafu usipeperuke,
mpira wa Hasmukh ulipotelea kwa pimbi.
Wa Nyanjige ukagonga jiwe, ukageuka,
ukaja kulala hatua mbili kutoka kwenye bendera.
"Jiwe nimelihonga," alisema.

Sasa kuna simu.
Katibu Rutakyamirwa ameileta, pamoja na daftari,
na mshika daftari ni mimi.
Kila dakika kumi, watu wanne.
Jina liingie siku mbili kabla.

Sitasema ni vibaya.
Daktari wa zamu anajua atatoka lini,
haketi tena juu ya kreti la soda
akihesabu mipira ya waliomtangulia.
Na ule ugomvi umekwisha, wa yule bwana
aliyekuwa akidondosha mpira alfajiri
kisha anarudi kitandani.

Ila simu inasema saa saba na dakika kumi,
na kwetu saa saba jua li utosini.
Shigela fundi cherehani alikuja saa saba ya kwetu,
viatu vimepigwa rangi, shati limenyooka,
nikamwonyesha jina lake limekatwa tangu asubuhi.
Alitazama saa, akatazama jua,
akaniuliza nani kati ya hao wawili amemdanganya.

Na Nyanjige nitamwandikaje?
Dagaa wake wameanikwa Igombe.
Jua likimkubalia, saa tisa anafunga magunia, anakuja.
Wingu likipanda kutoka Ukerewe, anakimbilia kukusanya,
na siku hiyo gofu basi.
Nilimwambia, taja saa tu, mimi nitaandika.
"Muulize wingu," alisema, "kisha unipigie."

Jumamosi iliyopita daftari lilijaa hadi ukingoni.
Mvua ikanyesha tangu usiku wa manane,
na asubuhi simu haikutulia:
samahani, tope; samahani, mgeni; samahani, mgongo.
Hata ilipoanuka hakutokea mtu.
Korongo wawili walitembea kutoka shimo hadi shimo,
mikono nyuma, kama wakaguzi wa hesabu.
Uwanja mzima umekodiwa, na mtupu.

Ndipo akaja, kiroba begani.
Mitumbwi ilikuwa imerudi mikavu, hakuna cha kuanika.
Hakuniuliza kitu.
Bomba bado lipo, katibu aliamuru tu lizibwe kwa kitambaa.
Nyanjige alikichomoa, akakikung'uta, akakianika kwenye waya,
akadondosha mpira.

Tok.

Sikuwa nimeisikia tangu Machi.

Nilifungua daftari. Ilikuwa saa tisa na robo,
saa ambayo daftari halina:
lina na kumi, lina na ishirini.
Nikalibana jina lake katikati, kati ya mstari na mstari,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Kisha, wino haujakauka,
nikaanza kujipapasa mifukoni
kama bado nina mpira.