Upindo wa Shati

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa.
Siulizi, sihukumu, sikohoi ovyo.
Feni ya chumba namba nne hugeuza shingo
kama mtu anayekataa, na majalada
nimeyakandamiza kwa kikombe cha jana.

Asubuhi ile aliletwa Erasto Nyalusi,
muuza vipuri wa Gerezani,
mwenye kibali, picha, muhuri, tarehe haijapita.
Bastola ilikuwa halali. Kiuno chake.
Shati pia lake, la drafti, limepauka kwapani.
Kilichobishaniwa ni upindo:
vidole vinne vya nguo
vilivyopanda, vikashuka.

Ugomvi ulikuwa wa nafasi ya gari,
Februari, saa nane mchana.
Mnaijua saa nane ya Februari Kariakoo,
lami inapodai soli za viatu.

Shahidi wa kwanza, Mwajabu, mkamua miwa:
"Alinyanyua shati."
Kwa nia gani?
"Mheshimiwa, mkono niliuona. Nia sikuiona."
Kwa muda gani?
"Nilikuwa nahesabu chenji ya elfu tano.
Nilipofika elfu mbili na mia tano
nikakiona kile chuma, hesabu ikanitoka.
Mteja kaondoka na hela yangu."

Nikaandika: sekunde mbili.
Nikafuta. Hakusema sekunde.

Wakili wa utetezi akasimama, tai imemkaba:
"Kifungu kinakataza kuonyesha.
Hakikatazi kuonekana.
Hata mwezi huonekana, mheshimiwa,
na hakuna aliyeushtaki."
Mwendesha mashtaka hakuinuka kitini:
"Mwezi hauna risasi."

Watu wakacheka. Kicheko sikukiandika.

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akakisoma kifungu upya kwa sauti ya chini
kama mtu anayetafuta bei kwenye risiti iliyofifia.
"Hapa pana kuficha. Hapa pana kuonyesha.
Katikati hapana neno,
na huko katikati ndiko alikosimama huyu bwana."

"Nilijifuta jasho," alisema Erasto.
Na kweli, chumba kizima kilikuwa kinajifuta:
askari kwa kiganja, wazee wa baraza kwa leso,
hakimu kwa ncha ya joho.

Kisha Sadala Mkwizu, dereva wa pikapu,
aliyekuwa ametangulia kufika:
"Hakusema neno. Angesema, ningemjibu.
Nilirudi nyuma bila kutazama kioo,
nikaponda ndoo ya mama wa miwa.
Nafasi akaegesha yeye."
Akanyamaza. Nikadhani amemaliza,
nikapiga nukta.
"Jasho analo kila mtu, mheshimiwa.
Mbona nikijifuta mimi, harudi nyuma mtu?"

Nilikaa na sentensi moja hadi chakula cha mchana kikapoa.
Shati lilipanda: hapo shati lina miguu,
na Erasto anakwenda nyumbani.
Alipandisha shati: hapo mkono una akili,
na Erasto hajui atalala wapi.
Silabi chache tu, zinakaa ncha ya ulimi
kama punje ya mchele.
Lugha imenipa viambishi vyote hivi
na haikunipa macho ya siku ile.

Nikaandika alichosema Mwajabu, alinyanyua,
nikijua kila upande utalivuta neno kwake.
Shauri likaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.

Jioni nilishukia Buguruni, hewa imeganda.
Nikashika upindo wa shati, nikajifuta uso,
na nilipofumbua macho
kijana muuza soksi alikuwa ameganda mbele yangu,
jozi tatu mkononi, macho kiunoni.
Kiunoni nina mkanda tu,
tundu la mwisho nimelitoboa mwenyewe kwa msumari.

Alikwisha sogea hatua moja nyuma.
Nilitaka kumwambia. Nimwambie nini?
Nikashusha shati polepole, mkono wazi,
nikanunua jozi mbili ambazo sikuzihitaji.