Hatua ya Nne kati ya Saba

Kuopio, Novemba. Saa tisa alasiri na giza limeshaketi
madirishani kama mpangaji asiyelipa kodi.
Mimi ndiye niliyeiandika fomu ya matunzo ya nyumbani:
kurasa saba, kila mmoja na kitufe chake cha Endelea,
na mstari wa kijani unaorefuka juu
ili mtu ajione anafika.

Sikuandika mahali pa kuinukia.

Bi Hilppa Kärnä alipiga simu kabla sijamaliza kahawa.
Hakupaza sauti. Alisema:
"Nilikuwa hatua ya nne. Tauno akaniita.
Nikaenda, nikamgeuza ubavu, nikambadilishia shuka,
nikarudi. Ukurasa ukaniuliza mimi ni nani.
Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, yote upya,
kama mtoto wa shule aliyechelewa."

Dakika ishirini. Hizo ndizo tulizompa.
Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya
tuliyamwaga sisi, kwa mkono wetu,
na ndoo ilikuwa ya mtu mwingine.

Jarkko, meza ya pili, akasema weka kidirisha.
Kazi ya saa moja: mtu akigusa kufunga, kinachomoza,
Una uhakika unataka kuondoka?
Nikakiweka. Nikakijaribu mara kumi.
Mara ya kumi na moja nikakisoma.

Nani humuuliza hivyo mtu anayeitwa na mgonjwa?
Uhakika upi? Kutaka kupi?

Nikakifuta. Usiku ule nikaandika kitu kisicho na sauti:
herufi ikiguswa, baada ya pumzi mbili imewekwa.
Simu ikizimika, imewekwa.
Akienda zake bila kuaga, imewekwa,
na akirudi anakuta kiti chake hakijasogezwa.
Juu yake maneno ambayo Jarkko aliyaona marefu:
Uliishia hapa. Hakuna kilichopotea.
Kwaheri ya kuonana, kwa lugha ya mashine.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakukaa kikao kimoja na mwanasheria wa manispaa,
Pirkka, mwenye sweta la kijivu na penseli mbili.
Siku thelathini, akasema, kisha ifutwe.
Maradhi ya watu si shehena ya ghala letu.
Na yule anayejaza kwenye kompyuta ya maktaba?
Anayerudi kitini si lazima awe aliyeinuka.
Nikaongeza ufunguo. Nikaongeza na barua,
siku ya ishirini na tano, ya kumkumbusha mtu.

Majina siyaoni. Naona namba, hatua, saa.
Namba moja imekaa hatua ya nne wiki tatu na ushei,
haiendi, haitoki. Sijui ni ya nani.
Najua ninachodhani, na kudhani si kazi yangu.

Jana, saa nane usiku, ilifunguliwa.
Haikwenda hatua ya tano. Ilirudi nyuma hadi ya pili.
Kumbukumbu hainionyeshi alichoandika,
hunionyesha kisanduku kilichoguswa tu:
Idadi ya watu nyumbani.
Kisanduku kimoja. Dakika kumi na nne juu yake.
Kisha akafunga, na kile kitu changu kisicho na sauti
kikafanya nilichokifundisha:
kikaweka.

Hata tarakimu ile. Pumzi mbili, ikawekwa.

Leo ni siku ya ishirini na tano.
Barua inaondoka yenyewe saa mbili asubuhi,
niliitunga mimi, nikaisifu mwenyewe kwa ufupi wake:
Umebakiza hatua tatu tu.
Nimefika ofisini saa moja, koti bado mwilini,
theluji inayeyuka mabegani inaingia shingoni.
Sijui niizuie au niiache iende.
Pesa za mazishi zinaombwa kwa fomu nyingine,
na ile pia niliiandika mimi, ina hatua tisa.

Nimeanza kwa kulifuta lile "tu".