Nondo za Kumi na Mbili

Zilipigwa muhuri wa milimita kumi na mbili,
nami nikaziuza kumi na mbili.
Kalipa ilikuwepo, dukani Usoke,
kwenye droo, chini ya risiti:
ilisema kumi na nusu.
Nikafunga droo.

Fundi Kashindye aliikunja moja kwa mkono,
akanitazama, akacheka,
akapakia.

Leo Nyamizi yuko leba,
kwenye zahanati ile mpya.
Nesi kanionyesha benchi la nje, penye kivuli.
Sikulitaka.
Nimesimama chini ya lenta
naupima ufa uliotoka pembe ya dirisha
ukapanda:
shubiri mbili,
na vidole vitatu.

Ndani, mtoto analia.
Zege limenyamaza.

Kalipa ninayo, mfukoni.
Nimepima kwa vidole.