Mjumbe wa Chuma

Saa kumi na moja alfajiri, gati la Jinja.
Nangobi anahesabu chupa kwa Kisoga,
mimi naandika kwa Kiswahili,
mashine inajibu kwa tarakimu tupu.
Hakuna anayetafsiri. Tunaelewana.

Kituo cha tatu. Kina, mita sitini na nane.
Chupa inateremka wazi juu na chini
kama nyumba yenye msiba,
maji yaingie, yatoke, yasiulizwe,
mpaka Ofwono azime injini na kamba itulie.
Ndipo namwachia mjumbe:
nusu kilo ya chuma, tundu katikati,
anateleza kambani kwenda gizani
na neno moja tu mdomoni. Funga.

Mjumbe hauawi, walisema.
Huyu wetu tunamzamisha mara kumi na mbili kwa siku,
hurudi akichuruzika, hana lalamiko.
Naweka kidole kambani nisikie kama kafika.
Tk.
Kama mtu asagaye meno usingizini.

Juu ya sitaha, kila chupa hupewa tone la sumu.
Vyote vilivyo hai humo vife hapo hapo,
visije vikapumua njiani
vikatuharibia hesabu ya pumzi.
Nangobi huvaa glavu mbili
na hugeuza uso kidogo anapodondosha.
Sijamwuliza.

Kwetu Bugembe wananiuliza,
"Hivi ziwa linakula moshi au linautapika?"
Nawaambia inategemea.
Mwani ukishamiri, maji yakiwa kijani kama mlango wa duka,
linakula.
Julai, upepo wa kusini ukiyapindua maji ya chini
na uozo wake wa miezi,
linarudisha. Na riba juu.
Mama mkwe akacheka hadi akashika ubavu:
"Basi limemshinda Tenywa. Yeye hata mtaji hajarudisha."

Jumanne mstari ulipanda ghafla kwenye kioo.
Mia nne na thelathini. Mia saba. Elfu na ushei.
Nangobi akasimama, kikombe mkononi.
Nilidhani tumepata jambo,
ziwa limefungua kifua mbele yetu,
nikaanza kutunga kichwani ile barua ya kwenda Entebbe.
Kisha nikanusa.
Dizeli.
Upepo ulikuwa umegeuka,
bomba la jenereta yetu linapulizia
moja kwa moja kwenye mrija wa kuvutia hewa.

Ofwono akasema, "Futa, nani atajua?"
Lakini daftari hili halina kifutio,
lina safu ya mwisho, nyembamba, iitwayo Maelezo.
Nikaandika:
saa nne na dakika kumi hadi na ishirini na tano, sisi.

Wiki mbili baadaye ofisi imelirudisha,
wino mwekundu ukingoni:
"Sisi" ni nani? Fafanua.

Sijajibu.
Mjumbe yuko mfukoni mwa koti, bado ana unyevu,
na kesho ni kituo cha nne.