Nakupa Mji

Jumanne usiku, Grimsby, chumba cha juu ya maktaba.
Radieta inagonga kama mtu aliyesahau ufunguo.
Bi Cattermole anaandika ubaoni
x kipeo cha pili, jumlisha saba x, jumlisha kumi na mbili.
Anasema: vunjeni.

Tuko watatu tu leo. Danuta wa duka la mikate,
Terry aliyeendesha lori mpaka mgongo ukamkataa,
na mimi, Mwanaidi binti Kheri, miaka arobaini na mitatu,
mikono inanuka chewa hata baada ya limau.
Bila cheti cha hesabu
chuo cha uuguzi hakifungui hata barua yangu.

Vunjeni. Nakodoa macho.
Kisha namsikia dada yangu Tunu, gizani,
tumelala mzungu wa nne, kisigino chake shavuni kwangu:
Kitendawili!
Tega.
Wawili hawa, wakizidishana ni kumi na mbili,
wakikutana mlangoni ni saba tu.

Tatu na nne!
Nimesema kwa Kiswahili, kwa sauti. Terry kageuka.
Lakini hao nawajua. Nawapanga kila siku kiwandani,
pakiti tatu kwa nne, katoni imejaa,
mkanda unasogea, lete nyingine.

Mabano mawili, basi, na zao lake sifuri.
Viwili vikizidishana vikaleta sifuri, asema mwalimu,
lazima kimojawapo kiwe sifuri. Hakuna mlango mwingine.
Naandika pembeni kwa penseli: lazima mmoja awe mtupu.
Namkumbuka mtu.
Nafuta.

Majibu: hasi tatu, hasi nne.
Danuta anauliza hasi ni kitu gani hasa.
Mimi naijua kwa vidole. Mlango wa chumba cha barafu
una namba nyekundu, hasi kumi na nane.
Unaingia na koti la kiwanda, unahesabu masanduku,
unatoka.

Swali la mwisho:
x kipeo cha pili, jumlisha x, jumlisha saba.
Moja na saba? Nane.
Hasi moja, hasi saba? Wapi.
Saba haina jamaa wengine. Penseli imekwisha ncha.

Nimeshindwa, namwambia. Nakupa mji.
Haelewi. Namweleza: kwetu aliyeshindwa kutegua
hulipa mji, ndipo aambiwe jibu.
Mji gani?
Natazama dirishani: mvua, duka la kebabu,
mnara wa matofali unaolinda gati tupu.
Nakupa Grimsby.

Anacheka mpaka anavua miwani.
Nimezaliwa humu, asema, lakini sawa, napokea.
Kisha anachora tao, linashuka, linashuka,
na kabla ya kugusa mstari linaghairi, linapanda.
Hili halivunjiki. Halifiki sifuri popote,
si kwa namba tulizo nazo mwaka huu.

Yaani mji kachukua, na jibu hana.

Nipo ghorofa ya juu ya basi, kioo kina mvuke,
kidole kimechora mabano mawili, ndani hamna kitu.
Jumanne ijayo naudai mji wangu.