Jozi ya Tatu

Nzilani ananipangia jozi tatu juu ya kioo,
anafuta kila ncha kwa pamba na spiriti.
Nje, Luthuli nzima inapiga kelele.

Ya kwanza: besi tupu,
kama jirani anayehamisha kabati usiku.
Ya pili inang'aa mno, matoazi
yanachoma kama ndimu kwenye kidonda.

Ya tatu haina makuu. Nusura niivue.
Kisha, kabla ya ubeti wa pili,
kidole kinakwaruza waya wa gita
na mtu anavuta pumzi,
kushoto, nyuma kidogo.
Mwaka wa kumi huu nausikiliza wimbo huo,
sikujua kuna mtu pale.

"Elfu nne mia tano. Haishuki."
Ninazo, nauli ikiwemo.

Natembea hadi Kariobangi,
yule mtu akipumua sikioni.