Vidole Vitatu Juu ya Kichwa

Gari hili lilikuwa la mikate.
Nilipobandua bati la ndani, chembe zilidondoka,
kavu, ngumu, za mwaka nisioujua,
zikanijaa kwenye kola. Nikazifagia, Blaenau ikinyesha,
na mvua ya Blaenau haina mwanzo wa kusimulia.

Nilitaka makabati ya juu, mawili,
moja kila upande, pale ukuta unapokutana na paa,
ya sufuria, soksi, dawa zangu za presha.
Nikanunua plaiwudi ya mpopla, nyepesi,
maana kitu kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu
hakitakiwi kuwa na uzito wa kujivunia.

Nikaweka pimamaji. Kiputo kikakimbilia kushoto.
Nikaligeuza. Kikakimbilia kushoto kulekule.
Tecwyn wa nyumba ya pili, kikombe mkononi, akasema:
umeegesha mlimani, Mererid,
unapima unyoofu wa gari au wa Wales?
Akanywa chai yake. Hakushika hata msasa.

Alisema kweli, lakini. Ndani ya gari hakuna kilichonyooka.
Ukuta umebetuka, paa limevimba kama donge lililoumuka,
na pembe mraba ni porojo.
Nikalitupa pimamaji kitandani, nikachukua boksi la runinga,
nikakata kwa mkasi, nikajaribisha, nikapunguza,
nikajaribisha, bandu bandu,
hadi kadibodi ikalala kwenye ule mviringo
bila kupitisha mwanga.
Nikaichora juu ya mbao. Nikakata.
Ubao wa kwanza niliukata kinyume.
Nilitukana kwa Kiwelshi, lugha niliyofundishwa kwa kusali.

Kina: sentimita thelathini na tano.
Niliketi kitandani, nikainuka, nikaketi.
Kichwa changu kilipita.
Ndipo nikaukumbuka urefu wa Nesta.

Miaka minne hatukusemezana, mimi na dada yangu,
tangu nyumba ya mama ilipouzwa
na saa ya ukutani kupotea
mahali fulani kati ya mikono yake na yangu.
Safari hii ilikuwa ya peke yangu,
nilishawaambia watu, hata wasioniuliza.
Lakini kiti cha pili sikuking'oa.

Nikampigia. Habari sikuuliza. Nikasema:
nahitaji kichwa chako, dakika kumi.
Kimya.
Halafu: kitupu au na kofia?

Akaja. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mgongo wima kama mwanafunzi anayeogopa fimbo,
unga wa mbao ukimtulia kwenye nywele nyeupe,
nami sijui ziligeuka lini.
Nikalaza vidole vitatu juu ya utosi wake,
na juu ya vidole, penseli.
Mstari ulitoka umepinda.
Upo hadi leo, nyuma ya sahani.

Kina kikawa ishirini na saba.
Sufuria kubwa ikakosa pahali, nikampa Tecwyn.

Nikazishika mbao kwenye mbavu za chuma kwa skrubu na gundi,
bawaba za kufungulia kwenda juu,
na sumaku za kushikiza milango,
ambazo muuzaji aliziapia kwa jina la mkewe.

Kona ya tatu ya Bwlch y Gorddinan, sumaku zikaachia.
Pakiti ya chai ikaruka ikamwangukia Nesta mapajani,
kisha vijiko, kisha soksi zangu.
Akaziokota soksi, akazikunja,
moja ndani ya mwenzake, jozi kwa jozi, bila kugeuka.
Hapa pataka komeo, akasema.
Najua, nikasema.
Nikashusha gia. Ukungu ulikuwa umeimeza barabara,
na nyuma yetu mlango wa kushoto ulipiga, ukapiga,
hadi Betws, ndipo mmoja wetu
akakumbuka kwamba gari husimama.